MASHINE INAYOKWAMA IKIANDIKA HABARI ZAKE

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka uliofanyika shuleni, Magu. Imechapwa kama ilivyosomwa.)



Naishukuru Kamati kwa kunipa heshima hii. Barua niliyoletewa ilinitaka nizungumzie jambo lolote la kazi yangu, mradi liwafae wanafunzi wa sayansi na lisiwachoshe wazee. Kazi yangu ni kutunza kompyuta za Serikali. Basi nimechagua jambo dogo katika kazi hiyo, ambalo wengi wanaotumia kompyuta kila siku hawajapata kulisikia: jinsi kompyuta inavyojiandikia habari za mambo yanayoipata, na jinsi kitendo hicho cha kuandika kinavyoweza kuikwamisha isiinuke tena.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Sisi watumishi wa Serikali tumelelewa kwa methali hiyo. Wazee waliomo humu watakumbuka kwamba Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hesabu zilizotegemea mashine kuvurugika. Leo hali imegeuka. Ada, leseni, kodi na dawa hospitalini, vyote hulipiwa kwa namba ya malipo inayotolewa na kompyuta. Mashine moja ikisimama saa nane za usiku, asubuhi kuna mama amesimama dirishani na karani hana la kumjibu. Fundi anayefika kuitazama hana shahidi mwingine ila daftari la mashine yenyewe. Kama mashine imekufa bila kuandika neno, fundi atakisia tu, na kesho yake itakufa tena.

KERNELI NA DAFTARI LAKE

Katika kila kompyuta kuna programu moja ambayo ni mama wa nyingine zote. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu, inayopokea vitufe mnavyobonyeza na kuandika kwenye diski. Huitwa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Nitakayoizungumzia ni kerneli ya Linux, aliyoianza mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aitwaye Linus Torvalds. Nimeichagua kwa kuwa msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na kwa kuwa tunayo humu ukumbini: kila simu ya Android iliyomo mifukoni mwenu inaendeshwa na kerneli hiyo.

Kerneli huandika daftari lake kwa amri iitwayo printk. Taarifa zake zina ngazi nane, kuanzia 0, ambayo ni ya hatari kuu, hadi 7, ambayo ni ya maelezo ya mafundi. Kwanza taarifa huandikwa katika sehemu ya kumbukumbu iitwayo bafa, nayo ni ya mviringo: ikijaa, taarifa mpya hufuta iliyo kongwe. Kisha hupelekwa kwenye konsoli, yaani kioo au waya ambako fundi ataweza kuisoma. Naomba mshike maneno hayo mawili, kuandika na kupeleka, kwa maana tutayarudia.

Sasa sikilizeni ugumu wake. Amri nyingine za kerneli zina mahali pake na wakati wake. Lakini printk ni lazima iweze kuitwa popote na wakati wowote: katikati ya kazi ya diski, katikati ya kupanga zamu, hata wakati mashine inakata roho. Ni sawa na karani aliyeambiwa kuwa mtu yeyote, saa yoyote, akiwa na shughuli yoyote mkononi, ana haki ya kuja kuandika katika daftari lake.

MKWAMO NI NINI

Sisi wa Magu hatuhitaji kufundishwa mkwamo. Barabara yetu ya Mwanza kwenda Musoma ilikuwa na madaraja membamba kwa miaka mingi, na ndiyo sababu Serikali ikaanza kujenga mapya ya Simiyu na Sukuma. Fikirini basi limeingia daraja jembamba kutoka upande huu, na lori kutoka upande ule, wakakutana katikati. Basi limeshika nusu ya daraja na linataka nusu iliyoshikwa na lori. Lori nalo vivyo hivyo. Hakuna aliyevunja sheria na hakuna gari lililoharibika, lakini hakuna atakayefika.

Mwaka 1971 wataalamu watatu wa kompyuta, Coffman, Elphick na Shoshani, waliandika kwamba mkwamo wa namna hii huhitaji mambo manne yatokee pamoja. Kwanza, kitu kisiweze kutumiwa na wawili kwa wakati mmoja. Pili, mtu ashike kimoja huku akingojea kingine. Tatu, asiwepo wa kumnyang'anya alichoshika. Nne, kungojana kuwe kwa mzunguko: huyu anamngoja yule, na yule anamngoja huyu. Likikosekana moja tu kati ya hayo manne, mkwamo haupo. Daraja likiwa pana, la kwanza limeondoka. Dereva akitazama ng'ambo kabla ya kuingia, la pili limeondoka. Askari akimlazimisha mmoja arudi nyuma, la tatu limeondoka. Wote wakitoka upande mmoja, la nne limeondoka.

Ndugu zangu, hotuba yangu yote imo katika hayo manne. Mafundi wa Linux wamehangaika na printk kwa miaka mingi, na kila dawa waliyoipata imeng'oa mojawapo ya nguzo hizo.

KARANI ANAYEJINGOJA MWENYEWE

Ndani ya kerneli daraja ni kufuli. Kompyuta ya leo ina prosesa nyingi, na zote zinaweza kutaka kuandika daftarini kwa pamoja. Ili maandishi yasichanganyike, kwa miaka mingi bafa ya printk ililindwa kwa kufuli moja. Anayetaka kuandika hufunga, huandika, kisha hufungua. Mwingine akikuta limefungwa, husimama mlangoni akizunguka palepale hadi lifunguliwe.

Fikirini masjala yenye karani mmoja, daftari moja na ufunguo mmoja. Karani amejifungia chumbani anaandika. Kengele ya hatari inalia. Kanuni ya ofisi inasema kwamba kengele ikilia, karani aache kila kitu, na jambo la kwanza ni kuandika saa ya kengele katika daftari, akianza kama mtu mgeni aliyetoka nje: agonge mlango na kungoja afunguliwe. Karani anaacha kalamu, anagonga mlango, anangoja. Wa kumfungulia ni yeye mwenyewe, lakini hawezi kurudi kufungua mpaka amalize shughuli ya kengele. Binadamu angecheka na kuichana kanuni hiyo. Mashine haicheki. Itagonga mlango mpaka umeme ukatike.

Kengele hiyo ndani ya kompyuta huitwa mkatizo. Mikatizo ya kawaida inaweza kuzibwa kwa muda mfupi, na kerneli huiziba kabla ya kushika kufuli. Lakini upo mkatizo usiozuilika. Huo hutumika hasa pale prosesa inapoonekana imeganda, ili ilazimishwe kusema ilipo. Yaani wakati ule ule tunapoihitaji taarifa kuliko wakati wote, ndipo kuandika taarifa kulipoweza kuikwamisha mashine moja kwa moja.

Mwaka 2016 ilipatikana dawa. Petr Mladek wa kampuni ya SUSE alipanga kwamba mkatizo usiozuilika usiliguse daftari kuu kabisa. Kila prosesa ikapewa kijitabu chake cha pembeni. Mkatizo ukija, huandika humo na kuondoka, na baadaye, hali ikitulia, maandishi huhamishwa kwenye daftari kuu. Katika yale manne, hapo limeng'olewa la pili: hakuna tena anayeshika kimoja huku akingojea kingine.

Dawa ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kutumika mwaka 2012 kwa mpanga zamu. Printk ilipomaliza kazi ya konsoli ilimwamsha aliyekuwa akiingoja. Kumwamsha mtu ni kazi ya mpanga zamu, nayo ina kufuli lake. Basi kama mpanga zamu mwenyewe ndiye aliyeita printk huku ameshika kufuli hilo, mzunguko umekamilika. Wakamtengenezea printk ya pekee: andika sasa, kupeleka kutafanywa baadaye na mwingine.

KUPELEKA NI KAZI NYINGINE

Sasa nije kwenye konsoli, kwa sababu wengi hudhani kasi ya kompyuta ni moja. Waya wa konsoli wa kawaida hupitisha biti 115,200 kwa sekunde, yaani herufi 11,520 hivi. Mstari wa herufi 80 huchukua milisekunde 7. Kwetu hiyo ni kufumba na kufumbua. Kwa prosesa ya gigahezi 2 ni mapigo milioni 14 ya saa yake, na zamani yote hayo ilikaa ikisukuma herufi moja moja kama mtu anayemwaga gunia la mtama kwa kijiko.

Ulikuwepo utaratibu mzuri: mwenye taarifa alijaribu kushika konsoli, na akikuta imeshikwa hakungoja; aliacha taarifa yake katika bafa na kwenda zake, aliyeshika akaipeleka pamoja na za kwake. Lakini katika mashine yenye prosesa nyingi, aliyeshika alijikuta anabebeshwa mizigo ya wote. Anapeleka mmoja, wenzake wanaongeza kumi. Mistari 3,000 ni sekunde 21. Na kerneli ina mlinzi ambaye kwa kawaida akiona prosesa imeshikiliwa na kazi moja zaidi ya sekunde 20 hupiga kelele kwamba imeganda. Kelele zake nazo ni taarifa, nazo huingia katika foleni ile ile.

Niliona jambo hilo katika ofisi moja niliyofanya kazi. Seva ilikuwa na uhai, taa zinawaka, lakini haijibu mtu. Diski mbovu ilikuwa inalalamika mfululizo na konsoli ilikuwa ya waya wa polepole. Mashine nzima ilikuwa imeshughulika kueleza ugonjwa wake, haina nafasi ya kazi. Tuliagiza konsoli ipewe taarifa za ngazi nzito tu, nyingine zote zibaki katika bafa na faili. Diski ilibadilishwa kesho yake, lakini usiku ule watu walipata huduma.

Mwaka 2018 Steven Rostedt aliongeza kanuni ya kupokezana: aliyeshika konsoli akimwona mwenzake anangoja, humkabidhi, naye hurudi kwenye kazi yake. Mzigo ukagawanyika, ingawa waya ulibaki wa polepole vile vile.

DAFTARI LISILO NA KUFULI

Hatua kubwa ilikuja Desemba 2020, katika toleo la 5.10 la Linux. John Ogness wa kampuni ya Linutronix, Ujerumani, aliandika bafa mpya isiyohitaji kufuli. Inafanya kazi hivi. Anayetaka kuandika huchukua nafasi yake kwa tendo moja lisilogawanyika, kama mtu anayechana namba kwenye foleni ya benki: watu wawili hawawezi kupata namba moja. Huandika katika nafasi yake, na mwisho huweka alama kwamba imekamilika. Msomaji husoma zilizowekwa alama tu. Mkatizo ukimkuta mtu katikati ya kuandika, hauna haja ya kumngoja. Huchukua namba inayofuata, huandika, huweka alama yake na kuondoka. Hapo limeondoka jambo la kwanza kati ya manne. Daraja limepanuliwa.

Msidhani ni rahisi. Inabidi kuhakikisha kwamba prosesa zote zinaona maandishi kwa mpangilio unaotakiwa, na kwamba bafa ikizunguka na kufuta ya zamani, msomaji hapati nusu ya habari ya jana na nusu ya leo.

MANENO YA MWISHO

Limebaki jambo zito kuliko yote. Kerneli ikigundua kosa lisilovumilika huamua kufa kwa makusudi, isije ikaharibu data. Huzisimamisha prosesa nyingine zote, kisha huandika maneno ya mwisho. Je, kama prosesa mojawapo ilisimamishwa ikiwa imeshika kufuli la konsoli? Aliyekufa hawezi kurudisha ufunguo. Zamani kerneli ilivunja kufuli kwa nguvu na kuomba Mungu. Mara nyingine ilifaulu, mara nyingine konsoli ilivurugika.

Mwaka 2022 mafundi walijaribu kumkabidhi mtumishi maalumu kazi yote ya kupeleka, ili mwandishi asipoteze muda kamwe. Mpango uliingizwa katika matayarisho ya toleo la 5.19 na ukaondolewa kabla toleo halijatoka. Sababu ni ya kufikirika: mashine inapokufa, huyo mtumishi naye anakufa, na barua zilizomo mkobani mwake hazifiki.

Basi wakatengeneza konsoli za namna mpya. Siku za amani mtumishi hupeleka taarifa taratibu. Siku ya hatari anayekufa huruhusiwa kumnyang'anya konsoli yeyote aliyeishika, lakini kwa adabu: aliyeshika huwa ametangaza mapema kama yuko mahali salama pa kunyang'anywa au la. Asipokuwa salama, mnyang'anyi huandika kwanza kwenye konsoli nyingine, na hutumia nguvu mwisho kabisa, pale pasipo na njia tena. Hilo ndilo jambo la tatu kati ya manne. Pia ziko mashine, zikiwemo simu nyingi, zinazotenga kipande cha kumbukumbu kisichofutwa mashine inapojiwasha upya, ili maneno ya mwisho yasomwe baadaye.

Kuhusu la nne, mzunguko, dawa yake ni nidhamu: makufuli yashikwe kwa mpangilio mmoja siku zote. Tangu mwaka 2006 Linux ina mkaguzi, kazi ya Ingo Molnár, anayetazama mpangilio huo na kuonya kabla mkwamo haujatokea. Naye mkaguzi, akitaka kuonya, hana budi kutumia printk. Mnaona jinsi kila njia inavyopita mlango ule ule.

Kazi hii ilikuwa na thamani gani? Kwa miaka 20 hivi kulikuwa na mpango wa kuifanya Linux iweze kuendesha mashine zinazotakiwa kujibu kwa wakati usiopita, kama za viwandani. Kizuizi kikubwa cha mwisho kilikuwa printk, amri ambayo mwanzo wake aliuandika Torvalds mwenyewe. Septemba 2024, katika mkutano wa Vienna, Thomas Gleixner alimkabidhi Torvalds maombi ya kuingiza kazi hiyo yakiwa yamechapwa na kufungwa kwa karatasi ya dhahabu. Toleo la 6.12 likatoka nayo Novemba mwaka huo.

KWA WADOGO ZANGU

Nina maneno matatu kwenu mnaosoma hapa.

La kwanza: mtakapoandika programu, shikeni kufuli kwa muda mfupi, na mkiwa mmelishika msiite kazi ya mwingine ambayo hamjui itapita wapi. Huenda ikarudi mlangoni kwenu.

La pili: msikwepe mkwamo kwa kuacha kuandika taarifa. Wako mafundi wanaofanya hivyo. Mashine yao huenda vizuri mpaka siku inapokufa kimya. Andikeni palepale, pelekeni baadaye, na acheni mlango mmoja wazi kwa saa ya hatari. Nimekaa ofisini miaka ya kutosha kujua kwamba kanuni hii inafaa pia mahali pasipo na kompyuta. Ofisi ambayo taarifa ya hatari lazima isainiwe na yule yule aliyehusika na hatari hiyo, taarifa hiyo haitatoka.

La tatu: msiogope msimbo. Nilipokuwa Mlimani, mwaka 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, na iliwezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa huru kwa kila mtu. Kerneli nayo ni huru vivyo hivyo. Anayeijua C na Kiingereza cha kidato cha nne, akiwa na subira, anaweza kuisoma hapa hapa Magu.

Kwa ajili hiyo nimekabidhi maktaba ya shule nakala iliyochapwa ya faili la printk, pamoja na ile ya bafa mpya. Kurasa ni nyingi. Mwalimu wa kompyuta amekubali kuzisoma na darasa lake kidogo kidogo kila Jumamosi, nami nimeahidi kujibu maswali kwa barua.